Shikamoo Kutoka Kwenye Toroli

Jumamosi, 5 Julai 2025

Siku ya 189 bila tone la pombe. Leo nimeaibika nikiwa na akili zangu timamu. Jambo geni kabisa — zamani nilikuwa naaibika bila mwenyewe kuwepo.

Ni Mombo, kwenye hoteli ile ambapo mabasi husimama ili abiria wapate kula. Hafidhi, yule anayekodisha maspika na mahema, amejipa kazi mpya ya kuibua vipaji. Kaniwekea maiki kati ya sinki la kunawia na friji la soda. Basi linasimama dakika ishirini, mimi nimepewa tano. Nikaanza na mama mkwe. Sina mama mkwe! Sijaolewa hata siku moja. Nikahamia foleni za Dar, na Dar nimefika mara tatu. Abiria wanatafuna kuku, kimya. Mama mmoja kanihurumia, akanisogezea chipsi zake.

Na joto la kule! Sisi wa mlimani tukishuka Mombo tunachuruzika, na mimi nimekwenda na sweta.

Basi nikapandwa na hasira. Nikawaambia msinione hivi, miaka tisa nilinadi kwenye mnada wa kanisani, niliwahi kuuza jogoo mwenye chongo kwa bei ya mwenye macho mawili. Nikawasimulia siku nilipouza mwavuli wa mzee wa kanisa nikiwa nimelewa. Sijui kwa nini nilisema, lilinitoka tu. Kondakta akaacha kuita watu. Dereva akapiga honi mara tatu, hakuna aliyeinuka. Wakacheka mpaka yule mama akachukua tena chipsi zake.

Hafidhi kanikuta nasubiri gari la kupanda mlimani. Kasema ile ya mama mkwe niizike hukohuko Mombo. Ya mwavuli niirefushe, ifike dakika kumi. Tarehe 26 analeta mchekeshaji kutoka Tanga, Lushoto mjini, saa tisa alasiri, nami nitakuwa wa kufungua.

"Ila dada Tabitha, useme kweli tupu. Ukidanganya unaonekana mpaka huku nyuma."

Kijana wa Mombo ananifundisha kusema kweli. Haya.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Benchi la mwisho karibu na mlango, benchi letu sisi tuliotengwa. Tuko wawili: mimi wa pombe, Stephano wa mke wa pili. Hatusemeshani. Kila mmoja anaona ya mwenzake ndiyo dhambi. Wenzetu walipokwenda kwenye Chakula cha Bwana sisi tulibaki kuangalia viatu.

Halafu mnada nje. Siku hizi anayenadi ni Hezekia. Mtu mwema, lakini sauti yake ni ya mtu anayetangaza msiba. Boga zuri lilikaa mezani mpaka likaona haya. Nilitamani kulidaka. Mikono niliiweka mfukoni.

Hafidhi anataka kweli, basi ngoja niiandike kama ilivyokuwa. Jumapili ya Mavuno, mwaka juzi. Nilikuwa nimekunywa tangu kabla ya jua. Si kwa mtu — nyumbani, peke yangu, kwenye sanduku la cherehani nilikoficha chupa. Nikanadi ndizi, nikanadi kabichi, watu wanacheka, mimi napaa. Nikaona mwavuli mweusi umeegemea meza ya mavuno. Nikaudaka. Mwavuli huu, wapendwa, haujawahi kumwonea mtu! Watu wakadhani ni mzaha wangu wa kawaida. Mzee Nathanaeli, mwenye mwavuli, yuko ndani ya sakristia na wazee wenzake, hana habari.

Perpetua, jirani yangu, alikuwa anapita barabarani akitoka misa yake. Akaona ninavyoyumba. Akapaza sauti bei ya kwanza na ya mwisho ili mnada ufe palepale, akaja mbio anidake. Alichelewa kidogo. Nilikuwa nimeshakaa juu ya trei la mayai.

Akachukua toroli lililoleta kabichi, akanitia humo, akanisukuma hadi nyumbani. Ibada ndiyo imetoka tu, njia nzima imejaa watu wazima. Na mimi ni mtoto niliyelelewa. Niko chali, miguu inaning'inia, mayai mgongoni, na kila sura ya mtu mzima iliyopita juu yangu niliipa shikamoo. Sikuruka hata mmoja. Na mtu akipewa shikamoo hana ujanja, lazima aitikie. Marahaba, marahaba, marahaba, mpaka mlangoni kwetu.

Siku hiyo ilinyesha. Mzee Nathanaeli alifika kwake kalowa hadi soksi. Wiki haikuisha, baraza likanitenga.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia Perpetua kwamba nitamsimulia jukwaani. Nilidhani atafurahi. Loo.

Perpetua ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mkatoliki wa Rangwi, aliolewa huku na Valentino fundi seremala. Anapika boha, pombe yetu ya miwa, na anaipika vizuri, hilo hata wazee wa kanisa wanalijua kuliko wanavyokiri. Kwa sababu hiyo kijiji kizima kimeshaamua: Tabitha aliharibiwa na Perpetua. Ni rahisi. Ina mwanzo na mwisho.

Anasema mwavuli sawa, toroli sawa. Lakini jina lake nisilitaje, na lile pipa nisiliguse kabisa. Tarehe 28 Desemba mwaka jana, asubuhi, alinikuta sakafuni kwangu nimejigonga kichwa. Hakupiga kelele. Alirudi kwake akamwaga pipa zima la boha la Mwaka Mpya, kwenye mtaro wa migomba, ili nisiwe na pa kukimbilia. Kisha akaja kukaa mlangoni kwangu siku saba, anashona vikapu. Mimi natetemeka, natukana, natapika, yeye anashona. Valentino akaambiwa boha liliharibika.

"Wewe jicheke utakavyo," kaniambia leo. "Mimi usinitie humo. Nina mume, nina wateja."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia bila yeye sina hadithi. Akasema basi huna. Amefunga mlango.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya 194. Leo nimeitaka.

Hakuna sababu. Nilikuwa napiga pasi sare za shule, ukungu umeingia mpaka dirishani, mate yakanijaa mdomoni. Ndivyo inavyokuja. Haibishi hodi.

Miguu ikanipeleka kwa Perpetua, na tumenuniana. Aliponiona tu akatoka na kufuli, akafunga kibanda cha boha na wateja wawili wamo ndani. Ni kilabu pekee duniani kinachofungwa mteja akionekana. Akanipa chai ya tangawizi. Wale wawili waligonga mlango kwa ndani mpaka nikamaliza kikombe.

Hii lazima iingie kwenye dakika kumi. Lazima! Na yeye kanikataza.

Jumapili, 13 Julai

Mzee Nathanaeli amekuja nyumbani, suti yake ileile, kofia mkononi. Nikaamkia. Mama alishaweka chai kabla hajakaa.

Habari njema, kasema. Baraza limekaa. Limeona miezi sita na zaidi sijanywa. Jumapili ya tarehe 27 nitasimama mbele ya usharika, nitatubu, nitarudishwa kundini. Nitashiriki meza ya Bwana siku hiyohiyo. Mama akalia. Ana miaka sabini na minne, miaka miwili amekwenda mezani peke yake na kurudi akinitazama kule nyuma. Mimi pia nililia, sifichi.

Kisha akatoa karatasi. Kwetu anayetubu huandikiwa maneno na mzee wa mtaa wake, asije akapotea mbele za watu. Kaiacha chini ya sahani. Nimeisoma alipoondoka. Nainakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa hivyo:

"Mimi Tabitha nilivutwa katika ulevi na Perpetua, mpika pombe. Leo mbele ya usharika namkana yeye na pombe yake, na urafiki wetu nimeukata."

Nimesoma mara nne. Mwandiko mzuri sana, wa shule za zamani.

Jumatano, 16 Julai

Mama anasema niseme tu. Alisema kwa Kishambaa, kama afanyavyo jambo likiwa zito. Kwamba maneno ni maneno, Mungu anaujua moyo, na Perpetua mwenyewe hasali kwetu, atajuaje. Kwamba yeye amechoka kwenda mezani peke yake.

Ningemjibu nini mwanamke aliyenifulia mashuka niliyotapikia?

Lakini nikiwa peke yangu najibu. Namkana nani? Mtu aliyenisukuma mlimani na mayai mgongoni? Mimi nilianza kunywa nikiwa na miaka ishirini na mbili, Perpetua hata hajaolewa huku. Chupa nilinunua mimi, cherehani ni yangu, na koo ni langu. Hii dhambi ni yangu! Nimeifanyia kazi miaka kumi na minne. Simpi mtu mwingine sifa zake.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya majaribio mbele ya Hafidhi, mjini, dukani kwake katikati ya maspika. Nimemtoa Perpetua kama alivyotaka. Nikasema "mtu mmoja akanidaka", "mtu mmoja akanisukuma", "mtu mmoja akafunga kibanda".

Hafidhi alitulia kama abiria wa Mombo. Akauliza huyo mtu mmoja ni malaika au ni nani. Akasema hadithi imekuwa kama nyumba isiyo na mlango, watu wanazunguka nje hawajui pa kuingilia.

Nimepanda kurudi nyumbani kwa miguu, nimenuna njia nzima.

Jumapili, 20 Julai

Nimempelekea Perpetua ile karatasi. Nilizunguka siku saba kama kuku anayetaka kutaga. Ningeweza kuificha, lakini kuficha ndiko nilikokuwa bingwa, na nimeacha.

Alikuwa anamenya miwa. Akafuta mikono, akasoma, midomo inacheza. Akasoma tena. Nilitegemea aichane. Aliikunja vizuri kwenye mikunjo yake akanirudishia.

"Mzee huyu ana mwandiko," akasema.

Kisha akaokota tena panga lake, nikaanza kupima umbali wa mlango. Akauliza, kwenye karatasi hii mimi ni ibilisi, kwenye ile yako ya jukwaani mimi ni nani? Nikamsomea. Yote, pamoja na pipa, pamoja na siku saba za vikapu. Nilisoma vibaya. Alicheka kwenye kufuli. Kwenye pipa hakucheka, aliangalia nje.

"Kama kutajwa hakuepukiki," akasema, "nitaje wewe, usiniachie mzee. Na useme kutoka kanisani mpaka kwenu ni mlima. Watu watadhani nilikusukuma tambarare."

Nikamuuliza na Valentino je. Akasema atamwambia mwenyewe leo. Baadaye nimesikia kicheko cha Valentino ukutani. Kumbe alijua tangu siku ileile. Boha likiharibika kwao halimwagwi, huwa analinywa yeye.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda kumwona Mzee Nathanaeli sakristia. Ile meza yao bado inayumba, imeanza kuyumba tangu nikiwa darasa la kipaimara. Kila akiiegemea, wino unatikisika.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba pombe nitaikana, Perpetua siwezi. Si yeye aliyenivuta. Akasikiliza mpaka mwisho, sikatai, ni mtu anayesikiliza. Kisha akasema baraza limeshaandika, si yeye peke yake. Akasema mlevi anayeacha pombe na kubaki na rafiki mpika pombe ni sawa na kuzima moto na kuacha kaa. Nami nikasema kaa hilo ndilo lililonipashia uji siku saba.

Akauliza pia kuhusu Jumamosi. Amesikia nitakwenda kuchekesha watu kwa dhambi ileile ninayoitubu Jumapili. Toba ina machozi, binti, haina vigelegele. Nikamwambia machozi nimeyatoa, yameisha, ndiyo maana nimehamia kicheko.

"Utasoma kilichoandikwa," akasema, "au utarudi benchi lako."

Nimeondoka nimeamkia vizuri. Njiani nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilipita nyumba yetu.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ya 210.

Ukumbi ulijaa. Hafidhi ametangaza kwenye kipaza sauti wiki nzima, mpaka watu wa Soni walikuja. Nyuma walisimama. Nilimtafuta Perpetua, nikamwona safu ya tatu, kitenge kipya, na Valentino pembeni yake kakunja mikono kama mtu aliyekuja kukagua paa. Mama alibaki nyumbani. Alisema ana mgongo.

Nilipopanda, mtu akanong'ona kwa sauti, huyu si yule wa mayai? Nikamjibu ndiye mimi, na mayai yale sijawahi kuyaomba radhi. Wakacheka. Basi nikajua nimeingia.

Nikaanza na cherehani. Kwamba kila nilipofungua lile sanduku mama alipita akasema Bwana aibariki kazi ya mikono yako, na Bwana akawa anaibariki, chupa haikuwahi kuvunjika. Nikasema juu ya majoho kumi na mawili ya kwaya niliyoshona nimelewa, na la Stephano nililishona shingo ikafungika kabisa. Akahangaika humo ndani beti mbili nzima, na bado hakukosea noti. Stephano alikuwepo! Akasimama, akainama kama bwana mkubwa. Kumbe anaweza kucheka yule.

Mwavuli. Mayai. Toroli. Kwenye shikamoo nikalala kabisa jukwaani, chali, maiki kifuani, nikawaamkia wazee wote wa ukumbi mmojammoja kutoka sakafuni. Na wakaitikia! Ukumbi mzima wa watu wazima unasema marahaba huku umeshika mbavu. Nikasema na njia ile ni mlima. Perpetua akapiga goti lake kofi.

Kisha nikainuka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikasema mnasema nilipotezwa na rafiki. Jamani, mimi sikupotea. Njia niliijua, mchana na usiku, na vichochoro vyake. Asiyejua njia alikuwa yeye, alikuwa ananitafuta. Nikasema yeye anakunywa kikombe kimoja, anakiosha, anakwenda kulala. Hilo ndilo lililoniudhi miaka yote: mtu ANAOSHA kikombe! Mimi kikombe changu hakikuwahi kupata nafasi ya kukauka. Nikasema kilabu chake kinavyofungwa nikitokea, na wateja humo ndani. Sauti ikatoka nyuma kabisa, mwanamume, kwamba ni kweli, siku ile alikosa mazishi. Watu walianguka kwa kicheko.

Nikalitaja pipa. Nikasema mnamjua mfanyabiashara gani anayemwaga duka lake kwa ajili ya mteja mmoja anayekopa? Nikasema siku saba alikaa mlangoni anashona vikapu, na mimi nilimtukana matusi ambayo baadhi sikujua kama nayajua. Siku ya saba nikamuuliza, umeshona vingapi? Akasema kimoja. Hajui kushona vikapu. Alikuwa anafumua na kuanza upya, apate sababu ya kukaa.

Hapo hawakucheka mara moja. Nikadhani nimeharibu. Halafu kicheko kikaja kutoka chini taratibu, kizito, na nikaona watu wanafuta macho. Mimi pia. Perpetua alikuwa amejifunika uso na kitenge kipya chote.

Yule mchekeshaji wa Tanga aliponipisha mlangoni kanibana mkono, kasema nimemwachia kazi ngumu.

Nikatoka nje kupata hewa. Kwenye ua wa ukumbi, karibu na dirisha lililo wazi, amesimama Mzee Nathanaeli. Suti, kofia. Sijui alikuwepo tangu lini. Nikaamkia, safari hii nimesimama kwa miguu yangu. Akaitikia.

"Umesahau kusema mwavuli ulikuwa mpya," akasema. "Siku ya kwanza nautumia."

Nikasubiri jingine. Akavaa kofia. Akasema kesho nisichelewe, nisisahau karatasi.

Jumapili, 27 Julai

Naandika nikiwa sakristia. Nimefika mapema, wameniweka humu mpaka niitwe. Nje manyunyu na ukungu, kwaya inajaribu sauti. Daftari nimelitia ndani ya kitabu cha nyimbo.

Asubuhi mama alinipigia pasi gauni jeupe mwenyewe, na mgongo wake ule. Majirani walishamfikishia kila kitu jana, neno kwa neno. Nilingoja anigombeze. Alipitisha pasi mara mbili mahali pamoja, akasema bila kuinua uso:

"Ile siku ya toroli, mimi nilikuwa njiani. Pale kwenye daraja. Uliniamkia."

Sikuelewa.

"Uliniamkia kama unavyomwamkia mtu wa njiani. Hukunijua. Nikaitikia, marahaba."

Kisha akanipa gauni. Miaka miwili amelibeba jambo hilo peke yake. Nikapiga magoti nikamwamkia, kwa jina lake mwenyewe, shikamoo mama yangu Efrazia. Akaweka mkono kichwani pangu. Akasema marahaba. Akasema pia, nenda ukaseme unachoweza kukisema, mimi nitakwenda mezani hata kama ni peke yangu, nimeshazoea njia.

Hiyo siwezi kuipeleka jukwaani. Labda mwakani.

Ibada imeanza. Kupitia ufa wa mlango naona nusu ya kanisa. Mama yuko mbele. Hafidhi naye kaja, Mwislamu wa Mombo, kajibanza nguzoni na hajui lini watu wanasimama. Na benchi la mwisho, benchi letu, kakaa Stephano, na pembeni yake Perpetua. Leo kaiacha misa yake. Amevaa kile kitenge. Katikati ya magoti yake kasimamisha mwavuli mweusi, uleule alioununua mnadani, umefungwa vizuri, umefutwa vumbi. Watu wanageuka kumtazama. Yeye anatazama madhabahu, kidevu juu.

Karatasi ya mzee ninayo. Nimeisoma tena. Nimejaribu kuisema kwa sauti ndogo, nione kama ulimi utakubali. Umefika kwenye jina la Perpetua ukagoma. Miaka kumi na minne ulimi huu haukunikatalia kitu.

Sijui watafanya nini. Inawezekana nikarudi benchi la nyuma leo hii, tuwe watatu. Inawezekana mama akaenda peke yake. Naogopa, ndiyo. Lakini nimewahi kulala chali mbele ya usharika huu nikiwa sina habari, leo nitasimama mbele yao nikiwa na habari zote, na mwenye makosa nitamtaja kwa jina. Ni moja tu. Ni langu.

Kalamu inaruka, meza hii na mguu wake mfupi. Nimeikunja karatasi mara nne, mikunjo ileile, nikaitia chini ya mguu. Imeenea kabisa.

Wanaimba ubeti wa tatu. Mlango umefunguliwa, ni Mzee Nathanaeli. Ameangalia mikono yangu, haina kitu. Ameangalia meza. Ameisukuma kidogo kwa kidole. Haiyumbi. Ameinama kidogo, ameona. Amesimama ameshika mlango wazi, anangoja niweke kalamu chini.